Sauti ya Nyuma ya Imamu

Mama yangu alizuiwa langoni mwa chuo kwa sababu ya harufu ya dagaa. Nimesoma mengi katika chuo kile, na mengine nayafundisha leo, lakini siwezi kusimulia hata moja bila ya kuanzia langoni.

Chuo chetu kilikuwa nje kidogo ya Konde: jengo la madarasa, jengo la dakhalia tulimolala, na msikiti katikati. Mimi kwetu ni Chokocho, upande wa pili kabisa wa kisiwa. Siku hiyo mama aliondoka nyumbani mara tu baada ya swala ya alfajiri, akabadilisha gari Chake Chake, akateremka Konde na kumalizia njia kwa miguu, pakacha la dagaa kichwani. Dagaa wale aliwachemsha na kuwaanika mwenyewe, maana hiyo ndiyo kazi iliyotulea tangu baba alipofariki. Hakuja kuwauza. Ilikuwa sadaka yake kwa wanafunzi waliokuwa wakisoma na mwanawe.

Langoni alimkuta amiri. Amiri ni mwanafunzi anayewasimamia wenzake: hugawa zamu za kufagia, hupanga saf za swala, na funguo zote huwa mfukoni mwake. Huyu wetu alinitangulia kwa madarasa mawili. Alikuwa mrefu, kanzu yake haikuwa na kunyanzi hata asubuhi ya Ijumaa ambapo sote tulikuwa tukigombania pasi moja, na hakuna aliyekuwa na sauti kama yake. Akisoma, hata wapishi waliacha kukuna nazi.

Yaliyosemwa pale niliyapata kwa mlinzi, neno kwa neno, kwa sababu nilimuuliza zaidi ya mara moja na hakubadilisha.

"Bibi, harufu hiyo itafika msikitini."

"Ni dagaa, mwanangu. Nimekuleteeni mle."

"Najua kama ni dagaa. Waache hapo nje ya ua. Na wewe ungoje huko huko, nitakuitia mwanao."

Akangoja huko huko. Amiri hakuona haraka ya kuniita, na nje ya ua hapakuwa na kivuli. Nilipofika nilimkuta mama ameshika ncha ya buibui lake anainusa. Aliponiona akaiachia.

"Nanuka, mwanangu?"

"Hunuki, mama."

"Mie nshazoea, sijui."

Magharibi ya siku ile amiri alipokuwa akinyoosha saf alifika kwangu, saf ya mwanzo, akaniwekea mkono begani. Alisema kwa sauti ile ile nzuri, na msikiti mzima ukasikia. "Aliyekula kitunguu huambiwa asiukaribie msikiti mpaka harufu imtoke. Sasa aliyezaliwa na dagaa tumwambieje?" Wenzangu wakacheka. "Nenda nyuma, Dagaa. Mlangoni kuna upepo."

Nikaenda nyuma. Nilisali mlangoni, karibu na viatu, mpaka muhula ukaisha, na jina la Dagaa likanikaa miaka yote. Na dagaa wenyewe je? Walipikwa kwa nazi usiku huo huo. Amiri aliongeza sahani.

Watu wakijua kuwa nimepita chuoni huniuliza nilipata nini katika nafsi yangu. Hutaka niwaambie juu ya subira. Subira tulisomeshwa, na tulisomeshwa vizuri. Mwalimu wetu wa adabu alitwambia kuwa kinyongo ni kutu ya moyo, kwamba mtu huanza kwa kuificha na huishia kuila. Nilikariri. Katika mtihani niliandika habari ya kusamehe mpaka mwalimu akawasomea wenzangu karatasi yangu kama mfano. Wakati nikiandika, kilichokuwa mbele ya macho yangu ni kisogo cha amiri, jinsi kilivyoonekana kutoka mlangoni.

Hata hivyo saf ya mwisho ina faida zake. Aliye mbele huona ukuta. Aliye nyuma huona watu wote. Nilijifunza nani husinzia katika sijida, nani hukuna kifundo cha mguu akipitiwa na fikira. Na kwa kuwa sikuona uso wa imamu, nilijifunza kusikiliza. Amiri alikuwa akiongoza swala mara nyingi, na asubuhi alikuwa akidurusu katika ukumbi wa dakhalia, akitembea huku na huku. Nilimsikiliza hivyo miaka, hata baada ya muhula ule. Nikagundua kwamba mtu mwenye sauti nzuri hasikilizwi maneno. Watu walikuwa wakimsikiliza yeye. Mimi nilisikiliza alichokuwa akisoma, na alikuwa na mashimo.

Mashimo yake yalikuwa mahali yanapokuwa ya mahafidhi wengi, waliohifadhi Kurani kwa moyo: kwenye aya pacha. Kisa kimoja huja katika sura hii na kikaja tena katika sura ile, maneno yakafanana, kisha yakaachana kwa herufi moja au neno moja. Anayesoma kwa kumbukumbu, akipitiwa kidogo, huingia kwa mlango wa sura moja akatokea katika sura nyingine, na yeye mwenyewe asijue. Kisa cha Nabii Musa na wachawi wa Firauni ndicho kilichokuwa kikimteketeza amiri. Kila alipokifikia alikuwa akitupa mguu pasipo ardhi. Nilijua atateleza wapi kabla yeye hajajua, na nilikaa na ujuzi huo kama mtu aliyekaa na jembe alilolinoa, anangoja mvua tu apate kulima.

Katika madhehebu yetu, kama tulivyosomeshwa, imamu akikwama haachwi. Aliye nyuma yake moja kwa moja humpa neno lililompotea, naye akalishika na kuendelea. Tunaita kumfungulia imamu. Mudiri, mkuu wa chuo, alitusomesha adabu yake kwa kutusimamisha wawili wawili. "Mngoje arudie aya," alisema. "Mngoje arudie tena. Huenda mlango akaufungua mwenyewe, na huo ndio uzuri. Asipoweza, mfungulie, kwa sauti ya kumfikia yeye, si sauti ya kuufikia msikiti. Wewe ni fimbo ya mzee. Fimbo haipigi kelele."

Nilikuwa katika mwaka wangu wa mwisho, na amiri alikwisha maliza na kubakishwa kuwa mwalimu msaidizi, ingawa sote tuliendelea kumwita amiri. Ramadhani ilikaribia. Kila mwaka misikiti huomba maimamu wa tarawehe, na Mudiri huwatoa wanafunzi kwa jozi: mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma. Akatuita sote wawili.

"Chokocho wameomba msomaji," alisema. "Sauti ni ya huyu, hifdhi ni ya huyu. Wewe utasimama mbele, na wewe nyuma yake. Mtafikia nyumbani kwa mama yake."

"Naam, Shehe," nikasema. Nilisema upesi mno. Mudiri aliniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akatuombea dua.

Tulipofika nyumbani mama alikuwa uani, anageuza dagaa juu ya jamvi. Alimwangalia mgeni, akamwamkia kama anavyoamkiwa mgeni, akampokea mkoba. Kisha alinifuata jikoni.

"Huyu ndo yule wa langoni?"

"Ndiye."

"Ala." Akapuliza moto. "Haya, mtandikie mgeni mkeka."

Jioni ya kwanza, baada ya tende na uji, mama alileta sinia. Palikuwa na muhogo wa nazi, na katikati bakuli kubwa la dagaa. Hapakuwa na kitoweo kingine.

"Karibu, baba. Kula, usione haya. Hapa kwetu hakuna lango."

Amiri aliinua uso. Nadhani ndipo alipomkumbuka. Aliangalia bakuli, akaniangalia mimi, akaanza kula. Mama alikaa upande wa pili wa ua na kumhesabia matonge kwa macho.

Siku ya pili dagaa walikaangwa. Ya tatu walitiwa ndimu na pilipili mbichi. Mama yangu anajua kupika dagaa kwa namna nyingi kuliko nilivyojua mimi mwanawe, na mwezi ule alizitoa zote. Kwa majirani palinuka kuku na pweza. Kwetu palinuka dagaa. Kila amiri aliponawa mikono, mama alimuuliza kwa upole uleule, "Hawanuki, baba?"

"Hawanuki, bibi. Watamu."

"Alhamdulillahi. Maana wenda msikitini."

Kisha alikuwa akirudi jikoni, na nilimsikia akicheka peke yake, kicheko kidogo cha puani. Sijapata kumpenda mama kama nilivyompenda jikoni mle.

Zamu yangu ilikuwa bado. Siku za mwanzo amiri alisoma vizuri. Wanaume walijaa mpaka barazani, na wanawake nyuma ya pazia walikuwa hawataki arukuu. Mimi nyuma yake nilinyamaza, kisogo chake kikiwa mbele yangu, safari hii karibu kiasi cha kukigusa. Halafu tukafika kwa Musa na wachawi.

Nilisikia mguu wake ukinyanyuka. Alipofika penye njia panda sauti ikapungua kidogo, kama ya mtu anayepapasa ukuta gizani. Hakuwa amekosea bado. Pengine asingekosea. Nikamfungulia. Sikungoja arudie, na sikumpa sauti ya kumfikia yeye. Nilitoa sauti yangu yote, kwa tajwidi kamili, neno zima na mkia wake, mpaka likagonga ukuta wa kibla na kurudi. Alishtuka. Akalishika neno, akaenda mbele kidogo, na kwa sababu alishtuka akateleza kweli. Nikamfungulia tena.

Hakuna aliyeweza kunilaumu. Kila neno nililotoa lilikuwa sahihi. Mkosaji alikuwa yeye, na mimi nilikuwa naulinda msahafu.

Nje ya msikiti, watu wakitafuta viatu vyao, mzee mmoja aliyekuwa mtani wa marehemu baba alinikamata mkono. "Ebu nambie, mwana wa mvuvi. Leo nimesali nyuma ya nani?"

"Nyuma ya imamu, mzee."

"Imamu yupi? Miye nimesikia wawili. Mmoja aimba na mmoja asoma."

Watu wakaangua kicheko. Amiri alikuwa ameinama hapo hapo anavaa makubadhi, na alikaa ameinama zaidi kuliko makubadhi yalivyotaka.

Maneno ya mzee yalitembea. Siku ya pili yake niliyasikia dukani. Ya tatu wavuvi waliyasemea ufukweni. "Leo wa mbele au wa nyuma?" ikawa ndiyo salamu ya kwenda tarawehe. Nami niliendelea. Nilimfungulia alipokwama, nilimfungulia alipotaka kukwama, na alipovuta pumzi tu nilimpa neno. Ikafika mahali akawa anateleza katika sura ambazo watoto wa madrasa hawatelezi. Alianza kusoma mbio. Ile sauti iliyokuwa ikiwanyamazisha wapishi ikawa nyembamba, inasikiliza nyuma yake. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimeshiba.

Asubuhi moja alinifuata kisimani. Nilikuwa navuta maji, yeye akasimama ng'ambo ya kisima.

"Wanifungulia kabla sijakwama," alisema.

"Wataka nikuache uanguke?"

"Nataka uningoje. Ndiyo adabu, na waijua."

"Mama alikungoja," nikasema. "Juani."

Nikavuta ndoo, nikamimina, nikaishusha tena.

"Mambo ya zamani yale," akasema.

"Ya zamani kwako."

"Basi wataka nikuombe radhi?"

"Sitaki kitu kwako."

Na hilo lilikuwa kweli. Radhi ndicho kitu nilichokuwa nikikiogopa. Angeniomba, ningelazimika kumpa, na nikishampa ningelazimika kunyamaza nyuma yake. Nilichukua ndoo nikaondoka kabla hajafungua mdomo.

Jioni ile tulianza tarawehe kama kawaida. Rakaa mbili za mwanzo nilimkata kila alipovuta pumzi. Alitoa salamu, akakaa kidogo ameelekea kibla. Kisha aliinuka, akatoka mihirabuni, akaja akasimama mbele yangu na watu wote wakitazama.

"Simama wewe," akasema.

"Imamu ni wewe."

"Simama."

Yule mtani wa baba akakohoa. "Haya mwanangu, watu wana kazi kesho." Nikasimama.

Nilikuwa nimepatamani pale tangu siku ya upepo wa mlangoni. Sikujua mahali pale penyewe pakoje. Mbele yako ni ukuta, huoni mtu. Aliye karibu yako kuliko wote ndiye usiyemwona kabisa. Miaka yote nilikuwa nimekishika kisogo chake kwa macho, na sasa yeye amekishika changu.

Kwa sehemu tuliyoifikia, kisa kilikuwa kile kile: Musa na wachawi, katika sura nyingine. Nilijua kila njia panda. Nilizijua kwa kuzichimba kwa ajili yake. Nilisoma nimejiamini. Wachawi wakaanguka kusujudu, wakasema wamemuamini Mola wa Musa na Harun, Firauni akajibu, na mimi nikaenda na maneno yake mpaka nikasikia mwisho wa aya hauchukuani na wenzake. Nilikuwa nimo ndani ya sura nyingine.

Nikarudi nyuma, nikarudia. Neno halikuja. Kwenye ulimi palikuwa na lile lisilo lake tu.

Nyuma yangu palikuwa kimya. Sasa, nikawaza, sasa atalitoa. Atalipiga ukutani Chokocho nzima isikie, mama akiwa nyuma ya pazia. Ningekuwa yeye ningelipiga. Nikarudia mara ya pili, na jasho likiniteremka ndani ya kanzu.

Hapo ndipo aliponifungulia. Neno lilikuja chini chini, karibu na sikio, dogo kama pumzi. Lilinifikia mimi. Halikufika kwa mtu wa kushoto kwake. Nikalishika, nikasoma mpaka mwisho wa sura, na sikukosea tena.

Nje mzee alinipiga mgongoni. "Leo imamu mmoja! Leo tumesali, wallahi." Watu wakanishika mikono. Amiri alipita kando yao, akavaa makubadhi yake, akanisubiri njiani. Tuliongozana mpaka nyumbani. Kama angenitukana ningelala vizuri. Nilikuwa nimemzoea kama mtu wa kulipizwa, na sasa alikuwa amenipa kitu nisichokiomba, mbele ya Mungu, ndani ya swala, mahali ambapo siwezi kukirudisha. Nilimchukia usiku ule kuliko siku ya lango.

Mama alikuwa ametangulia. Alinivuta kando.

"Ulirudia pahala."

"Niliteleza kidogo."

"Nani kakufungulia? Sikusikia sauti."

"Yeye."

"Aa," akasema mama. Akaingia ndani.

Siku ya pili yake, kwenye futari, palikuwa na muhogo wa nazi, na juu yake changu wawili wakubwa wa kukaanga, vichwa na mikia. Nikaangalia pembeni mwa sinia. Nikaangalia jikoni.

"Dagaa wako wapi, mama?"

"Wamekwisha."

Nyuma yake, karibu na mlango, gunia la dagaa lilikuwa limesimama limejaa mpaka shingoni. Nilimsaidia kulifunga adhuhuri ile. Alijua kuwa naliona.

Amiri naye aliliona. Alimega muhogo, akautazama, na bila ya kuinua macho akasema, "Mama, mie nilikuwa nshawazoea."

Mama akacheka. Hakikuwa kile kicheko cha puani cha jikoni. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaondoka, na akarudi na kibakuli cha dagaa wa ndimu akakiweka mbele yake. Nilikula samaki wangu. Nani alimpa ruhusa ya kumwita mama? Walikuwa wamemalizana wao wawili, mkosaji na mkosewa, na mimi nimebaki na deni ambalo mwenyewe keshalifuta.

Katika tarawehe alirudi mbele, na mimi nikasimama nyuma yake. Alisoma polepole. Ile sauti ilikuwa imeanza kunenepa tena. Katikati ya rakaa akateleza, akasikia, akarudi, akarudia aya. Neno lilikuwa kinywani mwangu, zima na mkia wake. Nyuma ya pazia najua mama alikuwa ametega sikio, na hakuwa akimsikiliza yeye. Nikangoja. Akarudia mara ya pili.

Nikamfungulia, kwa sauti ya kumfikia yeye tu. Neno lake nilimpa. Lile jingine analolingoja kwangu ninalo mpaka leo.